Kikwembe cha mbayuwayu

Siku ile tuligawanya kazi za kijitabu hiki, mwenzetu mmoja alipewa kuandika juu ya mahari, mwengine juu ya ngoma za kilio, mwengine juu ya majina ya mapacha. Kufika kwangu wakasema: "We utuandikie juu ya ile kitambaa yako ya ku ukuta." Nilikataa mara mbili. Kile si desturi, niliwaambia, ni kitu nilichoshona peke yangu ndani ya chumba changu hapa Katuba, na tena kinapinda. Mzee mmoja akacheka, akasema kurasa nne zimebaki bila mwenyewe. Njo maana naandika.

Wageni wanaoingia kwangu huuliza maswali mawili. Kwanza, kama nilikinunua. Pili, kwa nini hakikunyooka. Nitajibu yote mawili. Lakini kuna jambo la tatu ambalo hawaulizi kwa sababu hawalijui: kwa ajili ya kitambaa hicho yaya wangu hakuongea na mimi miezi saba.

Ni kitambaa kidogo. Urefu wake ni sentimeta 62. Upana wake juu ni 47, chini ni 44, na hapo njo kinapopinda. Kimetengenezwa kwa vipande vya vikwembe vilivyoshonwa kimoja na kingine, vidogo na vikubwa, bila modeli na bila kupimwa na rula. Chini yake kuna kipande cha blanketi ya zamani, na nyuma kuna kitambaa cheupe cha shuka. Vyote vitatu nimevishika pamoja kwa uzi, kwa mkono, sindano ikipita juu na chini kama mtu anayepanda mahindi. Ku Marekani wanakiita kwilti. Kwa kawaida kwilti ni ya kulalia. Hii yangu ni ndogo, hata mtoto mchanga haimfuniki vizuri, kwa hiyo inakaa ku ukuta.

Sasa nianze na mama.

Baba alikuwa mufanyakazi wa reli na sisi tulikaa Likasi. Mama alitoka upande wa Mweka, kule Kasai, katika nchi ya Bakuba. Reli inayopita Mweka njo ileile iliyomleta Katanga akiwa bibi arusi. Alikuwa na sanduku la vikwembe. Wale wa umri wangu wanakumbuka vile mama zetu walikuwa wanahesabu mali yao. Si pesa, pesa ya Zaire ilikuwa inaoza ndani ya mufuko. Walihesabu vikwembe. Tangu mwanzo wa miaka ya sabini, serikali ilipokataza wanawake kuvaa suruali kwa jina la authenticité, kikwembe kikawa nguo ya heshima na benki pia. Mtoto akigonjwa, kikwembe kimoja kinatoka. Mambo yakiwa mazuri, kingine kinaingia.

Kati ya vyote kulikuwa na kimoja cha wax ya Hollande, chenye mbayuwayu. Watu wa soko wanakiita paka hirondelle. Ndege wanaruka wote upande mmoja, mabawa yamechongoka, na chini yao kuna ile mishipa midogo-midogo ambayo inatokea wakati gamu ya kuzuia rangi inapasuka na rangi inaingia ndani ya nyufa. Mishipa hiyo haifanani mahali pawili, hata ku kitambaa kimoja. Mama alipenda kutuonyesha jambo hilo. Alisema mashini haikutaka, lakini ilitokea vile.

Mwaka wa 1992 watu wenye asili ya Kasai wakaanza kufukuzwa Likasi, na mwaka wa 1993 ikawa zamu ya Kolwezi. Mambo hayo msomaji anayajua na sitayafungua hapa, kijitabu hiki si mahali pake. Nitasema tu kile kinachogusa kikwembe. Tulilala ku gare ya Likasi pamoja na maelfu ya watu wengine, tukingoja treni. Nilikuwa na miaka 19. Tulikaa pale wiki tano. Unga ulikuwa kwa bei, maji kwa bei, hata nafasi ya kutandika ndani ya kivuli. Mama akafungua sanduku. Kila siku mbili ao tatu kikwembe kilitoka kwenda kwa watu waliokuja kununua, maana walijua tuko na haraka na sisi hatukuwa na nguvu ya kubishana bei.

Siku moja mwanamke mmoja akataka kile cha mbayuwayu, lakini nusu yake tu, ya kubebea mtoto. Alikuwa na unga wa siku nne. Mama alikitazama, akakitazama tena yule mwanamke, akasema: "Hii siikate." Akampa kingine, kizima, tena kizuri zaidi, kwa unga uleule. Sisi watoto tulikasirika sana. Yaya peke yake hakukasirika, na neno lile la mama alilishika ndani ya roho yake. Mimi nililisahau.

Ile treni ilitufikisha Mweka tukiwa na mbayuwayu na vikwembe vingine viwili.

*

Kule Mweka nilimukuta kambo, mama ya mama. Ni kwake niliona kwa mara ya kwanza nguo ya raffia ya wanawake Bakuba, ile wanaita ntshak, ambayo wanavaa siku za ngoma na siku za kilio. Nilizaliwa Katanga, nilikuwa najua jina tu. Kambo aliitoa ndani ya kapo, akaikunjua ndani ya kiwanja, na haikuisha kukunjuka. Nguo hizo zinazungushwa kiunoni mara nyingi. Kuna zenye metre sita na kupita.

Nieleze kidogo, maana vijana wetu wa leo wanaona nguo hizi paka ku ukuta wa hoteli. Kwa Bakuba, wanaume njo wanafuma raffia, wanawake njo wanashona na kutia mapambo. Uzi unatoka ku jani la muti wa raffia, na uzi hauwezi kuzidi urefu wa jani, kwa hiyo kila kitambaa kinachotoka ni kidogo. Ukitaka nguo ndefu unaunga kitambaa na kitambaa. Wakati mwingine wanawake kadhaa wa ukoo mmoja wanashona kila mmoja sehemu yake, kisha zinaunganishwa. Unaweza kutembea juu ya nguo moja na kuona mahali mkono umebadilika, kama vile unavyosikia mwimbaji mwengine ameshika wimbo.

Raffia ikitoka ku kufumwa ni ngumu. Inatwangwa ndani ya kinu ili ilainike. Katika kutwanga, kitambaa kinatoboka hapa na pale. Mwanamke anakata kiraka, anakiweka juu ya shimo na kukishona. Lakini shimo halichagui mahali pa kukaa, na kiraka kimoja peke yake kinaonekana kama aibu. Basi anaongeza kingine mahali ambapo hakuna shimo, ili kile cha kwanza kipate mwenzake. Kisha cha tatu. Mwisho huwezi tena kujua ni kiraka gani kinafunika shimo na kipi hakifunike kitu. Viraka vingine ni duara, vingine kama herufi L, vingine kama mkia. Kambo alininyooshea kidole ku kimoja akasema kwa lugha yake maneno ambayo mama alinitafsiria: "Huyu alikuja bule, hana kazi, lakini ukimutoa wengine wote wanaanguka."

Wataalamu wa makumbusho wameandika mengi juu ya nguo hizi. Emil Torday alizikusanya kwa ajili ya British Museum kati ya mwaka wa 1907 na 1909. Matisse, yule mchoraji wa Ufaransa, alizitundika ku ukuta wa mahali alipokuwa anafanyia kazi. Ni vizuri. Lakini mimi napenda zaidi ile hadithi ya pikipiki inayosimuliwa na Jan Vansina, mwanahistoria aliyewajua Bakuba sana. Katika miaka ya ishirini, wamisionari walimuonyesha mfalme wa Bakuba pikipiki, wakitumaini atashangaa. Mashini yenyewe haikumshangaza. Alichopenda ni alama ambazo magurudumu yaliacha ndani ya muchanga. Akaamuru ile nakshi ichukuliwe, ikapewa jina lake. Nikiisoma hadithi hiyo huwa namukumbuka mama na ile mishipa ya wax.

Kambo alikufa, nguo ikaja kwa mama. Mimi nilirudi Lubumbashi mwaka wa 2001 kufundisha shule, na mama alikuja kukaa na mimi mwaka wa 2005. Alikufa mwaka wa 2011. Kufuatana na desturi ya kwao, mtu anazikwa na raffia, ili wale waliotangulia wamujue kwamba ni wao. Hapakuwa na mabishano. Yaya, ambaye njo mukubwa wa wanawake wa ukoo wetu, na kwa Bakuba ukoo unafuata upande wa mama, alikunja ile ntshak na kuiweka ndani ya sanduku la maiti pamoja naye. Nilitaka kuipiga picha kwanza. Nilipata haya kusema. Leo iko ndani ya udongo na sina hata picha moja.

Kisha kilio, vikwembe vikagawanywa. Binti mmoja kimoja. Cha mbayuwayu kilikuwa kimepauka upande mmoja, upande ule mama alikuwa anaulazia chini ku gare, na hakuna aliyenyoosha mkono. Yaya akanipa mimi. "Ukichunge," akasema.

*

Nilikichunga vibaya. Nilikikunja mara tatu, nikakiweka ndani ya valizi juu ya kabati, na kila mwaka nilisema nitakitoa kipate jua. Mwaka wa 2014 nilipokitoa, panya alikuwa ametafuna pembe moja ya mukunjo. Kitambaa kilichokunjwa mara tatu kina tabaka nane. Meno yalipita mote mane kwa mane. Nilipokikunjua juu ya kitanda niliona mashimo manane yamepangwa kwa adabu kama vifungo vya shati, mengine katikati kabisa ya kikwembe, mahali ambapo huwezi kuficha chini ya mukono wala ndani ya pindo.

Nilikaa nacho karibu wiki mbili. Fundi wa kartie aliniambia nitie viraka nikivalie nyumbani. Jirani aliniambia nikitupe, kwa sababu nguo ya marehemu ikitafunwa ni alama mbaya. Mume wangu hakusema kitu, ambalo kwake ni jibu pia. Siku ya yenga, wengine wakiwa ku kanisa, nilichukua mukasi.

Msomaji asifikiri nilikuwa na mpango. Nilitaka kufanya kiraka, kama kambo. Nilikata mraba kuzunguka shimo la kwanza, nikaweka chini yake kitambaa chekundu, nikakunja kando za shimo kwa ndani na kuzishona. Lile shimo likawa jicho jekundu. Likanipendeza, na hapo njo mambo yakaanza. Niliunga pembeni yake kipande kingine, kisha kingine. Mpaka saa sita nilikuwa nimekwisha kukata karibu nusu ya kikwembe.

Vipande vingine nilinunua kwa yule fundi, mufuko mzima kwa franka 1.000. Mafundi wetu wanatupa mali kila siku. Nyumbani nilivifua vyote mara mbili mpaka maji yakabaki meupe, sababu nyekundu ya bei ndogo inalia, inachafua majirani zake. Nikavipiga pasi ya makala, maana umeme ulikuwa umeenda tangu juma tatu. Kisha nikatundika blanketi ku ukuta. Kitambaa kinashika juu ya blanketi bila pini, jaribuni mutaona. Unaweka, unarudi nyuma mpaka ku mulango, unafunga jicho nusu, unatazama.

Watu wanafikiri kushona bila modeli ni kushona bila sheria. Hapana. Ukiwa na modeli, sheria iko ku karatasi na unaweza kuitafuta ukiisahau. Bila modeli, kila kipande kinaleta sheria yake na unapaswa kuisikia. Nikiunga kipande kifupi, kinaniambia niongezee kingine mwishoni, na ule wongezaji unaonekana, kwa hiyo nalazimika kufanya mwengine wa namna ile upande wa pili ili usikae kama kosa. Mara mbili inaonekana kosa limerudia. Mara tatu inakuwa neno. Hii ni hesabu ya kambo, mimi sikuivumbua.

Shida kubwa ya vikwembe, na hapa naongea na wale watakaotaka kujaribu, ni kwamba vyote vinapiga kelele. Kila kimoja kilichorwa ili kionekane kutoka ngambo ya soko. Ukiweka pamoja vipande kumi, jicho halina pa kukaa. Siku nne nilihangaika. Niliweka, nilitoa. Mwisho niligundua jambo la kijinga kabisa. Wax ya kweli ina rangi sawa pande zote mbili, lakini zile za bei ndogo, zinazochapwa upande mmoja, nyuma zimefifia kama kitu unachokiona kwa njia ya pazia. Nikazigeuza. Upande wa nyuma, ule tunaouficha siku zote, njo ulinipa kimya nilichokitafuta. Nikaongeza na kipande cha kijivu cha abacost ya baba, ambayo hakuna mtu angeivaa tena. Sasa ndege wakapata mahali pa kurukia.

Ndege wenyewe niliwakata vibaya makusudi. Nilivyoanza nilijaribu kumuzunguka kila mmoja ili abaki mzima, na ilikuwa kama picha ya kitabu cha watoto, wanyama wamepangwa. Nikakata katikati yao. Bawa likabaki hapa, mkia kule, kichwa kimoja kikaangalia chini. Hawaruki tena upande mmoja.

Nilikosea pia, tena sana. Kuna kipande kirefu cha buluu nilikikata kwa mshazari, na kitambaa kikikatwa mshazari kinavutika kama mpira. Nilipokishona na mashini ya miguu, katikati pakafura kama mukate. Nilifungua mishono mara tatu. Mara ya nne nilikata ule uvimbe kabisa, nikaunga kando na kando. Chini pakapungua sentimeta tatu, njo sababu kitambaa chote kimepinda. Ningeweza kukata juu pia kidogo, pande zikalingana. Lakini pale juu kulikuwa na lile jicho jekundu la kwanza, na kulikata sikutaka.

Wakati nilikuwa nimefika nusu, mwenzangu anayefundisha kuchora aliniazima kitabu cha picha za wanawake wa Gee's Bend, kijiji cha Alabama, ku Marekani. Ni vitukuu vya watumwa wa mashamba ya pamba. Walishona kwilti zao kwa nguo za kazi zilizochakaa, suruali za jinzi zenye alama nyeupe ya goti, mashati, mifuko, kwa sababu nyumba zilikuwa baridi na duka lilikuwa mbali. Hakuna aliyewafundisha sanaa. Mwaka wa 2002 kwilti zao zilitundikwa ndani ya makumbusho ya Houston, halafu ya Whitney kule New York, na watu wa sanaa wakabaki mdomo wazi. Nilipoziona nilidhani ni kambo. Mistari imeanza kunyooka halafu imebadili mawazo, rangi moja inarudi pale ambapo hukuingoja.

Kuna wanaosema moja kwa moja kwamba hiyo ni kazi ya Bakuba iliyovuka bahari ndani ya merikebu. Ningefurahi ikiwa vile, lakini nasita. Bakuba walikaa ndani sana, mbali na pwani. Na tena, mtu yeyote mwenye vitambaa vichache na familia kubwa, popote alipo, atajifunza kuunga kifupi na kifupi. Mimi nafikiri undugu wetu na wale mama wa Alabama unatoka ku upungufu wa kitambaa. Wengine ndani ya shirika letu hawakubaliani na mimi, na wanaweza kuandika jibu lao katika kijitabu kinachokuja.

Kazi ya kushika tabaka tatu pamoja ilinichukua miezi miwili, jioni tu, kwa taa. Nilitumia uzi mweupe mnene. Sikufuata mistari ya vipande. Nilipita juu yao, kama njia za miguu zinavyopita juu ya mipaka ya mashamba. Yale mashimo manane, saba niliyafunika na viraka, na viraka vingine vinne nikaviweka pasipo shimo. Lile la nane niliacha wazi na jicho lake jekundu.

*

Yaya alikuja kututembelea kabla sijamaliza pindo. Anakaa Kasumbalesa, na huwa anakuja na unga na mafuta, anaingia bila kugonga. Akakikuta juu ya meza. Kwa dakika nzima hakutambua. Kisha akaona kichwa cha ndege.

"Hii ni ya mama?"

"Ni ya mama, yaya."

"Nani aliikata?"

Nikamueleza panya. Nikamuonyesha. Nilisema haraka-haraka, kama mwanafunzi.

"Panya alitoboa shimo munane," akasema. "Juu ya shimo munane we ukakata yote?"

"Si yote. Nusu ingine iko."

"Mama alikataa kuikata Likasi. Siye tulikuwa na njaa, alikataa. We uko unakula, uko unalala ku kitanda, njo unaikata."

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Siku zilizofuata nilitunga majibu mengi ndani ya kichwa. Kwamba mama alikataa kukikata ili mtu mwengine asipate nusu, si kwa sababu mukasi ni dhambi. Kwamba nguo ya kambo pia ilikuwa vipande tu. Kwamba kikwembe ndani ya valizi ni chakula cha panya. Majibu mazuri, ya mwalimu. Lakini mimi nilikuwa nimesahau lile neno la gare, na yeye alikuwa amelibeba miaka 22. Aliacha unga na mafuta mlangoni na akarudi ku gari bila kunywa hata maji. Aliyefahamu kwetu anajua maana ya kuondoka bila kunywa maji.

Nilipiga simu, ilipokewa na watoto. Nilituma mama mudogo, akarudi na jibu kwamba yaya hana kesi na mimi, ana kazi mingi tu. Nilimaliza pindo, nikatundika kitambaa, na kusema ukweli kwa muda mrefu nilikuwa napita mbele yake bila kukitazama.

Mwezi wa saba ulikuwa ndoa ya binti wa mudogo wetu, na vikao vya familia vilifanyika kwangu. Yaya asingeweza kukosa. Alikaa ku kiti kinachoelekea ukuta, si kwa kuchagua, kilikuwa kile kilichobaki. Tuliongea mahari, tuliongea bia, tuliongea nani atapokea wageni wa upande wa pili. Tulikula. Watu walipotoka nje alinyanyuka na sahani mkononi, akasimama mbele ya kitambaa. Akaweka kidole ndani ya jicho jekundu.

"Hii njo ya panya?"

"Hii njo ya panya."

"Na hii?" Alikuwa anagusa kiraka kimoja cha chini.

"Hiyo haina shimo."

"Ilikuja bule," akasema, kwa lugha ya kambo. Sikujua kama alikuwa anacheka. Alikuwepo Mweka, alikuwa amesimama pembeni yangu siku ile nguo inakunjuliwa, lakini sikudhani kama alisikia.

Akashika pande mbili za chini, akazinyoosha, akaona hazilingani.

"Kinapinda."

"Najua."

"Unajua na uliacha." Akaweka sahani. "Ile nusu iko wapi?"

Niliitoa ndani ya valizi. Sasa ninaihifadhi na majani ya lantana, lakini panya wa Katuba hawasomi vitabu vya dawa. Aliikunjua juu ya meza ileile, akaipima kwa mkono kutoka ncha ya kidole mpaka ku kiwiko, mara ya kwanza, mara ya pili. Ndoa ilikuwa siku ya posho. Alihesabu kimya-kimya, midomo ikitembea.

"Inatosha bilemba mbili," akasema. "Yangu na yako. Leta mukasi."

Nilimpa, na yeye njo alikata.